Binti yangu hatofautishi nyekundu na kijani, ilhali baba yake anaona vizuri: upofu wa rangi unarithiwaje?

#1 Mamaushanga
Habari zenu wanajamvi. Baba yangu mzazi hatofautishi nyekundu na kijani tangu utotoni. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 9, naye yuko vivyo hivyo, na hilo halikunishangaza, kwa sababu nilikwisha kuelezwa kwamba hali hii hutoka kwa babu, ikapitia kwa mama, ikamfikia mjukuu wa kiume. Kilichonishangaza ni dada yake wa miaka 13. Wiki tatu zilizopita alipimwa macho kwa kile kitabu cha namba zilizofichwa ndani ya vidoa vya rangi, akashindwa kurasa nyingi, na makosa yake yalifanana sana na ya mdogo wake. Mume wangu anaona rangi bila taabu. Wifi yangu amesoma mahali kwamba msichana hawezi kuwa na upofu wa rangi iwapo baba yake hana, na tangu siku hiyo anarudia maneno ambayo kila aliye karibu anaelewa yanaelekea wapi. Mume wangu ananiamini, nami najua nilivyoishi. Ninaloomba ni maelezo: je, kanuni hiyo haina mlango mwingine kabisa?

#2 Kasuku
Pole sana dada. Kwa ninavyofahamu mimi, upofu wa rangi huruka kizazi kimoja. Babu anao, mama hana, wajukuu wanao. Kwa hiyo sioni ajabu yoyote, mjukuu ni mjukuu, awe wa kike au wa kiume.

#3 Darubini
Kasuku, neno "huruka" ndilo linalowapotosha wengi. Hali hii haikuruka kwa mama, ilipita ndani yake bila kujitokeza. Jeni mbili zinazotengeneza pigmenti za kutambua mwanga mwekundu na mwanga wa kijani zimekaa jirani kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, na Y aliyopewa na baba yake. Ikiwa X hiyo moja ina kasoro, hana ya akiba. Mwanamke ana X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwa kawaida nzima huifunika yenye kasoro, kwa hiyo anaona vizuri huku akiwa mbeba jeni. Mamaushanga, kwa kuwa baba yako ana upofu huo na X yake ni hiyo moja, wewe ulipewa hiyo hiyo bila shaka yoyote. Kila mtoto wako, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea. Mtoto wa kiume akiipokea, hali inajitokeza. Mtoto wa kike akiipokea bado ana X ya baba yake, na hapo ndipo wifi yako alipopata hoja.

Mpangilio huu si uvumbuzi wa juzi. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliueleza mwaka 1876 kwa kufuatilia koo za wagonjwa wake, na mwaka 1911 Edmund Beecher Wilson akaufungamanisha na kromosomu X. Hata hivyo kanuni inayosema "kwa kawaida" haifungi milango yote, na ningependa kusikia wengine kabla sijaendelea.

#4 Mjomba_Mtu
Mimi ni mmoja wao. Tumezaliwa sita, wavulana wawili na wasichana wanne. Mimi sitofautishi, kaka yangu anatofautisha. Kati ya dada zangu wanne, wawili wamezaa watoto wa kiume walio kama mimi, na wawili wana wavulana wanaoona vizuri kabisa. Watoto wangu mwenyewe, wavulana watatu, hawana tatizo hata mmoja. Watu hushangaa kuona kwamba wapwa wamenirithi mimi mjomba wao kuliko wanangu, lakini baada ya maelezo ya Darubini mtaona kwamba sikuwarithisha wapwa chochote. Tulichota kisima kimoja, yaani mama yangu, ambaye ni bibi yao. Wanangu niliwapa Y. Binti nikimpata leo, yeye atakuwa mbeba jeni kwa hakika.

#5 Hesabu_ni_Tamu
Niongeze jambo kuhusu "nusu kwa nusu", kwa sababu nimeona watu wakilielewa kama mgao. Haimaanishi kwamba mama mbeba jeni akizaa wavulana wanne, wawili watakuwa na upofu. Kila mimba huanza upya, wala haikumbuki iliyotangulia. Wavulana wanne wote wanaweza kutoka wakiona vizuri, na uwezekano wa hilo ni 1 kati ya 16, ambao si mdogo hata kidogo. Kwa hiyo ndugu Mjomba_Mtu, wale dada zako wawili wenye wavulana wanaoona vizuri bado wanaweza kuwa wabeba jeni. Wana idadi gani ya wavulana?

#6 Mjomba_Mtu
Mmoja ana wawili, mwingine ana mmoja.

#7 Hesabu_ni_Tamu
Basi kabla ya kuzaa kila mmoja alikuwa na nafasi ya 1 kati ya 2. Mwenye mvulana mmoja anayeona vizuri amebaki na 1 kati ya 3, na mwenye wawili amebaki na 1 kati ya 5. Hawajatoka kwenye orodha. Mabinti zao waambiwe mapema.

#8 Mpakarangi
Nafanya kazi ya kupaka rangi majengo na nina upofu huu, kwa hiyo naomba kusema neno kwa niaba ya binti huyo. Hatuoni dunia ya nyeusi na nyeupe. Bluu naiona, manjano naiona, hata nyekundu iliyoiva naitambua ikiwa peke yake kwenye mwanga mzuri. Linalonishinda ni nyekundu iliyofifia ikikaa karibu na kijani au kahawia. Nilijifunza kusoma majina yaliyoandikwa kwenye makopo badala ya kuamini jicho, na sijawahi kurudisha kazi ya mtu. Msimtendee mtoto kama mgonjwa.

Swali langu kwa wenye elimu: baba yangu alikuwa akitofautisha kila kitu, mama pia, na katika ukoo wa mama hakuna mjomba wala babu aliyejulikana kuwa hivi. Mimi niliitoa wapi?

#9 Darubini
Ndugu Mpakarangi, ipo sababu inayotokana na jinsi jeni hizo zilivyokaa. Mwaka 1986 Jeremy Nathans na wenzake walizitenga jeni za pigmenti, wakaonyesha kwamba ya nyekundu na ya kijani zinafanana kwa takriban asilimia 98 na zimepangwa mstari mmoja. Vitu viwili vinavyofanana kiasi hicho vikikaa jirani hukosea kupangana. Wakati yai la mama linapoundwa, X zake mbili hulala sambamba na kubadilishana vipande, na mara nyingine hulala kidogo upande. Matokeo yake ni X moja iliyopoteza jeni ya kijani na nyingine iliyopata ya ziada, au jeni chotara, nusu nyekundu na nusu kijani. Jeni chotara ndizo mara nyingi huleta upofu mwepesi, ule ambao mtu ana pigmenti tatu lakini mbili zimekaribiana mno. Kwa hiyo kasoro inaweza kuanza upya kwa mama au bibi yako. Lakini kuna maelezo mepesi zaidi: jeni inaweza kupita vizazi vitatu au vinne ndani ya wanawake, mama hadi binti, bila kumwangukia mvulana hata mmoja, na ukoo ukaamini kwamba haimo.

#10 Kasuku
Nakubali kusahihishwa kuhusu kuruka. Lakini kama kasoro inaweza kuanza upya, je, haikuanza upya kwenye X ya baba wa binti huyu? Hapo wifi amekosa hoja.

#11 Darubini
Nimelifikiria. Ugumu ni kwamba kubadilishana vipande kunakoleta kasoro hizi hutokea zaidi pale X mbili zinapolala sambamba, na mwanamume hana X ya pili ya kulaza nayo. Kwa hiyo X anayompa binti yake huwa karibu sawa na aliyopewa na mama yake. Siwezi kusema haiwezekani, ila nisingeitanguliza.

#12 Msomaji_Kimya
Tunasahau kwamba hata waliogundua jambo hili walikosea sababu yake. Mwanakemia John Dalton alisoma makala kuhusu macho yake mwenyewe huko Manchester mwaka 1794, akieleza kwamba yeye na kaka yake wanaona rangi tofauti na watu wengine. Aliona ua la jerani (geranium) likibadilika sura kati ya mwanga wa mchana na mwanga wa mshumaa, ilhali wenzake hawakuona mabadiliko kama hayo, na ndipo alipoanza kuchunguza. Aliamini kwamba ute wa ndani ya jicho lake una rangi ya bluu inayomeza nyekundu, akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844, yakachunguzwa, na ute ulikuwa safi kama wa mtu yeyote. Tatizo lake lilikuwa kukosa pigmenti ya nyekundu.

#13 Jicho_la_Pili
Asante kwa kumkumbusha Dalton, lakini naomba kurekebisha sentensi ya mwisho. Kwamba alikosa pigmenti ya nyekundu lilikuwa pendekezo la Thomas Young, na lilirudiwa kwa muda mrefu. Mabaki ya macho hayo yalihifadhiwa, na mwaka 1995 watafiti walipima DNA yake wakakuta kwamba jeni aliyoikosa ni ya pigmenti ya kati, ile tunayoiita ya kijani. Zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake ndipo jibu lilipopatikana, na lilikuwa tofauti na la kwake na la Young.

Linahusu uzi huu kwa sababu wapo watu wa aina mbili: walioharibikiwa upande wa nyekundu na walioharibikiwa upande wa kijani. Wote wawili huchanganya nyekundu na kijani, kwa hiyo nyumbani wanaonekana kitu kimoja, lakini jeni zao ni mbili tofauti.

#14 Hesabu_ni_Tamu
Jicho_la_Pili amegusa jambo ambalo nimekuwa nikilisubiri, na linaweza kuthibitishwa kwa kalamu. Tuchukue jamii zenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ambako karibu wanaume 8 kati ya 100 wana upofu huu. Kama jeni ingekuwa moja, wanawake wenye X mbili mbovu wangekuwa 0.08 mara 0.08, yaani asilimia 0.64. Mwaka 1927 Waaler alipima wanafunzi wa Oslo wapatao 18,000, akakuta wavulana karibu asilimia 8 kamili, lakini wasichana walikuwa asilimia 0.44 tu. Wengine walikwenda wapi?

Sasa gawanya ile 8: takriban 2 wa upande wa nyekundu na 6 wa upande wa kijani. Mwanamke huathirika iwapo X zake mbili zina kasoro ya aina moja. 0.02 mara 0.02 ni asilimia 0.04, na 0.06 mara 0.06 ni asilimia 0.36. Jumla ni 0.40, karibu kabisa na alichokikuta Waaler. Mwanamke aliyepewa X yenye kasoro ya nyekundu na baba, na X yenye kasoro ya kijani na mama, anaona vizuri, kwa sababu kila X inaziba pengo la mwenzake. Lakini wanawe wa kiume wote watakuwa na upofu, baadhi wa aina moja na baadhi wa aina nyingine. Naona uzuri mkubwa katika hesabu hiyo. Nikumbushe tu kwamba ile asilimia 8 si ya binadamu wote. Katika jamii nyingi za Afrika na Asia wanaume wenye hali hii ni wachache zaidi.

#15 Mamaushanga
Ahsanteni, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja. Nimejaribu kujibu mliyouliza na msiyouliza. Makosa ya watoto wangu wawili, kwa maelezo ya mpimaji, yote ni ya upande wa kijani. Mume wangu naye alipimwa juzi kwa kitabu hicho hicho, akasoma kurasa zote isipokuwa mbili, na mpimaji akasema hilo ni la kawaida. Mama mkwe, ambaye ametutetea tangu mwanzo, ametuambia kwamba mdogo wake wa kiume alikataliwa kazi ya kuendesha treni kwa sababu ya macho, ila hakumbuki kama ilikuwa ni rangi au ni kuona mbali.

#16 Jicho_la_Pili
Dada, kwangu hilo la mjomba wa mumeo ndilo kubwa kuliko yote yaliyosemwa hadi sasa. Tangu ajali ya treni ya Lagerlunda huko Sweden mwaka 1875, ambayo Frithiof Holmgren aliihusisha na upofu wa rangi, mashirika ya reli yamekuwa yakipima rangi kwa waendeshaji, hata kama wanahistoria wa sasa wana shaka iwapo upofu huo ndio uliosababisha ajali yenyewe. Ikiwa mjomba huyo alikuwa na upofu, basi mama mkwe wako anaweza kuwa mbeba jeni, na mumeo anaweza kuwa na aina nyepesi sana. Kitabu cha Ishihara, yaani kile cha vidoa, kilichotoka mwaka 1917, ni kizuri kwa kukamata wengi, lakini wapo wenye kasoro nyepesi wanaokipita. Kipimo kinachoamua ni anomaloskopu, chombo ambacho mtu huchanganya mwanga mwekundu na wa kijani hadi ulingane na wa manjano, na kiasi anachochanganya humfichua. Lord Rayleigh alipobuni mlinganisho huo mwaka 1881 aligundua kwamba kaka za mke wake, watu ambao hawakujua kuwa wana tofauti yoyote, walichanganya kwa kipimo tofauti kabisa na cha wengine. Mtu anaweza kuishi hadi uzee akiwa hivyo na asijue.

#17 Mjomba_Mtu
Na hapo wifi naye ahesabiwe, maana mama yake ni huyo huyo. Ikiwa mama mkwe ni mbeba jeni, wifi ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbeba jeni mwenyewe. Wanawe wa kiume wakapimwe kabla hajaendelea na mahubiri.

#18 Doto
Mimi ndiye Doto kwa jina na kwa kuzaliwa, pacha wa kufanana, na ningependa nyote mnisikilize kwa sababu ninaishi ndani ya swali hili. Baba yetu ana upofu wa kijani. Mama anaona vizuri. Kulwa wangu anaona vizuri kama mama. Mimi sioni, kwa kiwango kile kile cha baba. Tumepimwa DNA, tumetoka katika yai moja, jeni zetu ni zile zile. Nilipokuwa msichana niliambiwa kwamba nadanganya ili nionekane wa tofauti.

Maelezo niliyopewa na daktari wa urithi ni haya. Mwaka 1961 Mary Lyon alipendekeza kwamba katika kila seli ya kiumbe wa kike X moja huzimwa mapema sana kabla ya kuzaliwa, na uchaguzi wa ipi izimwe huwa wa kubahatisha. Kwa wanawake wengi mchanganyiko hutoka karibu nusu kwa nusu, na retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakuwa kama kitambaa cha viraka, viraka vinavyoona na visivyoona, nao hawatambui tofauti. Kwangu mimi X nzima ilizimwa karibu kote. Kwa Kulwa ilikuwa kinyume. Visa vya mapacha wa kike wa namna yetu vimeandikwa katika majarida ya tiba. Kwa hiyo inawezekana kabisa binti wa Mamaushanga ana X moja mbovu, aliyopewa na mama yake, na nyingine nzima ya baba yake ambayo haifanyi kazi machoni mwake.

#19 Kasuku
Pole na hongera dada Doto. Lakini naomba kuuliza kwa nia njema: hamwezi kuwa mmerithi X mbovu kwa mama pia, naye ni mbeba jeni asiyejua?

#20 Hesabu_ni_Tamu
Swali zuri, na jibu limo ndani ya maelezo yake mwenyewe. Kama mama yao angewapa X yenye kasoro ya kijani, Kulwa pia angekuwa na X mbili mbovu za aina moja na asingeona. Kwa kuwa Kulwa anaona, na wametoka yai moja, basi X ya mama ni nzima kwa wote wawili. Kulwa ndiye shahidi wa Doto.

#21 Darubini
Nakubaliana na hesabu, na ninamwamini Doto. Naongeza tahadhari moja tu. Wanawake wabeba jeni ni wengi sana, na idadi kubwa mno kati yao wanaona vizuri, hata wale ambao mchanganyiko wao umeegemea upande mmoja. Kuegemea kwa kiwango cha kuondoa kabisa uwezo wa kutofautisha ni nadra. Ukinilazimisha kupanga, ningetanguliza baba mwenye kasoro nyepesi isiyojulikana, kisha hili la Doto. Lakini nadra si sawa na haipo.

#22 Jicho_la_Pili
Mimi ningepanga vivyo hivyo, ila kuna tatizo ambalo mchango wangu wa #16 haukulijibu. Mwanamke mwenye kasoro kali kwenye X moja na nyepesi kwenye nyingine kwa kawaida huonyesha ile nyepesi. Ikiwa binti amefanya makosa sawa na mdogo wake, je, ukali ni ule ule? Kitabu cha vidoa hakipimi ukali vizuri. Anomaloskopu inahitajika kwa watoto wote wawili, si kwa baba peke yake.

#23 Nesi_wa_Zamani
Nimefanya kazi wodini miaka mingi, na nashangaa hakuna aliyeuliza kuhusu dawa na maradhi. Si kila upofu wa rangi umerithiwa. Ethambutoli, dawa ya kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na kupotea kwa tofauti ya nyekundu na kijani huwa miongoni mwa dalili za mwanzo. Kisukari, shinikizo la jicho na uvimbe wa mshipa wa jicho navyo huharibu rangi. Tofauti ni hii: wa kurithi huwepo tangu kuzaliwa, huwa sawa macho yote mawili, na haubadiliki. Unaokuja baadaye unaweza kuwa jicho moja zaidi ya jingine na huongezeka au hupungua. Mama, binti alipimwa jicho moja moja? Je, alipokuwa mdogo alikuwa akipaka rangi sawasawa?

#24 Mamaushanga
Alipimwa kila jicho peke yake na matokeo yalikuwa sawa. Hajawahi kutumia dawa ya kifua kikuu. Kuhusu utotoni, nimetoa daftari zake za chekechea zilizokuwa sandukuni. Majani ya miti aliyapaka kahawia katika michoro kadhaa. Mwaka ule nilidhani ni uvivu wa kutafuta penseli, na nilimgombeza. Nimemwomba radhi jana.

#25 Mpakarangi
Umefanya vyema. Mimi niligombezwa hivyo hivyo.

#26 Msomaji_Kimya
Tuangalie na lugha. Katika Kiswahili rangi zinazochukua viambishi moja kwa moja ni tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine tunaziita kwa vitu, kama rangi ya majani, ya kahawia, ya zambarau. Mtoto anayesema "kahawia" badala ya "kijani" huenda amekosa neno tu.

#27 Jicho_la_Pili
Kwa mtoto mdogo ni kweli, na ndiyo maana kuuliza majina ya rangi si kipimo. Lakini kitabu cha vidoa hakiulizi jina la rangi yoyote. Kinauliza namba, na kuna kurasa ambazo mtoto asiyejua kusoma anafuata njia kwa kidole. Binti wa miaka 13 hakukosa maneno.

#28 Darubini
Nilikuwa nimeacha njia mbili, naomba nizitaje. Ya kwanza ni msichana aliyezaliwa na X moja tu, hali iitwayo Turner. Huyo huwa katika nafasi ile ile ya mvulana: X mbovu ya mama ikiwa ndiyo pekee aliyo nayo, upofu hujitokeza hata kama baba ni mzima. Dalili yake ya kawaida ni kimo kifupi. Ya pili ni upofu usiohusiana na X kabisa. Ule wa bluu na manjano hutokana na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 7, hurithiwa na wanawake na wanaume kwa usawa, na mzazi mmoja anatosha kuurithisha. Ule wa kutoona rangi yoyote, unaoambatana na macho kuumizwa na mwanga, huhitaji jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mfano unaotajwa sana ni kisiwa cha Pingelap katika Mikronesia: kimbunga cha karibu mwaka 1775 kilibakiza watu wapatao 20, mmoja wao akawa na jeni hiyo, na leo kati ya asilimia 4 na 10 ya wakazi hawaoni rangi hata moja.

#29 Kasuku
Kumbe ndoa za ndugu zinaweza kuwa sababu. Mamaushanga na mumewe wana undugu?

#30 Mamaushanga
Hatuna undugu tunaoujua. Kimo cha binti ni kirefu kuliko cha wenzake wengi, na daktari wa watoto hana shaka yoyote juu ya ukuaji wake. Mwanga haumsumbui, na bluu anaitambua vizuri.

#31 Hesabu_ni_Tamu
Basi Turner imerudi nyuma sana, na bluu pamoja na Pingelap zimeondoka. Undugu nao, kwa aina hii ya X, ungeongeza tu nafasi ya baba kubeba X ile ile, na baba huyo angekuwa na upofu.

#32 Nesi_wa_Zamani
Niseme na lile ambalo wote tunalikwepa. Uwezekano anaousema wifi upo katika orodha ya vitabu, lakini kitabu cha vidoa hakikutengenezwa kupima baba wa mtoto, na hakuna daktari makini atakayekitumia hivyo. Nimeona nyumba ikivunjika kwa sababu ya somo la kundi la damu lililoeleweka nusu. Mama huyu ni mbeba jeni kwa hakika, kwa hiyo nusu ya safari ya binti imekwisha kuelezwa, na ile nusu nyingine ina njia mbili au tatu ambazo hazimhusishi mtu mwingine yeyote.

#33 Doto
Ahsante Nesi. Naomba pia tumkumbuke binti mwenyewe, ambaye ipo siku atauliza kuhusu watoto wake. Akiwa na X mbili mbovu, wanawe wote wa kiume watakuwa na upofu. Akiwa kama mimi, mwenye X moja mbovu, ni nusu kwa nusu, na mimi nina mvulana mmoja anayeona na mmoja asiyeona. Kipimo cha jeni kinaweza kumweleza hata kabla ya kuolewa.

#34 Mamaushanga
Tumepata miadi ya anomaloskopu ya watu watatu, baba na watoto wote wawili, mwezi ujao. Mume wangu amekubali kwa hiari, na kusema kweli sasa anatamani aonekane ana kasoro. Mama mkwe ameandika barua kwa mtoto wa yule mdogo wake kuuliza habari za treni. Kuna swali moja ambalo sijalipatia jibu: zile kurasa mbili alizokosea mume wangu, je, mtu mwenye macho mazima hukosea kurasa hizo, au kuna kurasa ambazo kukosea kwake kuna maana maalumu?

#35 Jicho_la_Pili
Inategemea ni zipi. Kurasa za mwisho zenye namba zimeundwa kutenganisha upande wa nyekundu na upande wa kijani, na zipo nyingine ambazo mwenye macho mazima haoni namba ilhali mwenye upofu anaiona. Muulize mumeo: zile mbili, alishindwa kuona namba, au aliona namba mahali ambapo hapakuwa na namba?

#36 Mamaushanga
Moja alishindwa. Kwenye nyingine alisoma namba, na mpimaji akatikisa kichwa bila kueleza.